Mzazi aambiwe mapema, na aambiwe kinaganaga

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, ukurasa wa barua hujaa lawama kwa wazazi: hawafuatilii, hawaji vikaoni, wamewatwika walimu mzigo wote. Tunaomba nafasi tuseme yale ambayo lawama hizo huyaruka. Wazazi wengi hawajui hali ya masomo ya watoto wao kwa sababu habari huwafikia zikiwa zimechelewa, zikiwa za jumla mno, au zikiwa katika namna ambayo hawawezi kuifanyia kazi. Mzazi anayeambiwa siku ya kufunga shule kwamba mtoto amefeli hisabati ameitwa mazishini, ilhali angeweza kuitwa hospitalini.

Haya si maneno ya kuwatetea wazazi tu. Mchumi Rebecca Dizon-Ross alichunguza jambo hili nchini Malawi, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2019 alionyesha kwamba wazazi walikuwa na picha isiyo sahihi ya viwango vya watoto wao darasani. Walipopewa matokeo yaliyoelezwa kwa njia nyepesi, walibadili maamuzi yao, kwa mfano wakachagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na kiwango halisi cha mtoto. Huko Philadelphia, Marekani, Todd Rogers na Avi Feller waligundua kwamba wazazi wa watoto watoro walidhani watoto wao wamekosa karibu nusu tu ya siku walizokosa kweli. Barua chache zilizotumwa nyumbani kwa mwaka, zikitaja jumla ya siku zilizopotea, zilipunguza utoro sugu kwa takriban asilimia 10. Hakuna mwalimu wa ziada aliyeajiriwa wala darasa lililojengwa. Kilichoongezwa ni habari sahihi, katika mikono ya mtu anayemjali mtoto.

Tuanze na mahudhurio, maana ndiyo habari rahisi kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Wataalamu wengi huhesabu kwamba mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo yuko hatarini. Kwa mwaka wenye siku 190, hizo ni siku 19. Zikitawanyika, ni kama siku mbili kwa mwezi, na mzazi hawezi kuziona kwa macho: leo homa, wiki ijayo safari ya familia, kisha sare haijakauka. Kila sababu ina mantiki yake, na hakuna siku moja inayoogopesha. Ndiyo maana jumla inahitaji kuandikwa mahali. Kalenda ya ukutani yatosha. Kila siku mtoto asipokwenda shule, chora alama ya X na uandike neno moja la sababu. Zikifika X nne kabla muhula haujafika nusu, muone mwalimu wa darasa bila kungoja kuitwa.

Angalia pia X zinaangukia siku gani. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumanne huenda haumwi tumbo. Chukua ratiba uone Jumanne kuna nini: somo analoliogopa, mwalimu anayemtisha, kipindi cha michezo ambamo wenzake humdhihaki, au zamu ya usafi pamoja na mtoto anayempiga. Ukienda shuleni na ushahidi huo mkononi, mazungumzo huwa mafupi na yenye faida.

Kuchelewa nako kuna hesabu yake. Dakika 15 kila asubuhi kwa siku 190 ni dakika 2,850, yaani saa 47 na nusu. Ikiwa siku ina saa tano za masomo, mtoto huyo amepoteza zaidi ya siku tisa, ingawa rejista inaonyesha alikuwepo. Tena amezipoteza mahali pabaya, kwa kuwa mwanzo wa kipindi ndipo mwalimu anapoeleza jambo jipya. Anayeingia katikati hukuta wenzake wanafanya zoezi, naye huanza kunakili.

Sasa tuje kwenye ripoti. Hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji, kwa sababu ndipo penye makosa mengi. Wazazi wengi hutazama nafasi: mtoto amekuwa wa ngapi? Nafasi ni namba dhaifu. Wa 20 kati ya 60 si sawa na wa 20 kati ya 25. Isitoshe, wanafunzi wa katikati ya darasa hubanana sana, hivyo tofauti ya alama tatu au nne yaweza kumpandisha au kumshusha mtoto nafasi kumi bila yeye kubadilika chochote. Kumchapa mtoto kwa kushuka kutoka nafasi ya 18 hadi ya 27 ni kumwadhibu kwa mtikisiko ambao hata mwalimu wake hawezi kuueleza.

Namba yenye maana zaidi ni alama ya kila somo ikiwekwa kando ya wastani wa darasa kwa somo hilohilo. Chukua mfano. Muhula wa kwanza mtoto amepata 62 katika hisabati, na wastani wa darasa ni 58. Muhula wa pili amepata 66, na wastani ni 73. Nyumbani watafurahi kwamba amepanda kwa alama nne, lakini kwa kweli ametoka kuwa juu ya wastani kwa alama nne hadi kuwa chini yake kwa alama saba. Mtihani wa pili ulikuwa rahisi, na wenzake waliufaidi kuliko yeye. Kinyume chake, mtoto aliyepata 54 wakati wastani ni 41 hastahili kukemewa. Kama ripoti ya shule haina safu ya wastani, mzazi aiombe, na kamati ya shule iidai kwa maandishi. Mwalimu wa somo anazo alama zote, na kukokotoa wastani ni kazi ya dakika chache.

Jihadhari pia na wastani wa jumla wa masomo yote. Asilimia 60 yaweza kuwa mtoto aliye sawasawa kila mahali. Yaweza pia kuwa mtoto mwenye 85 katika lugha na 30 katika hisabati, na huyu wa pili anahitaji msaada wa haraka ambao namba ya jumla inauficha. Hisabati husomwa kwa kujengea juu ya lililotangulia: asiyeelewa sehemu hatafahamu asilimia, na asiyefahamu asilimia atakwama kwenye riba na uwiano. Pengo la mada moja katika darasa la nne huonekana kama udhaifu wa jumla ifikapo darasa la saba, na wakati huo hakuna anayekumbuka lilianzia wapi.

Kuhusu safu ya maoni, maneno kama "ongeza bidii" au "anaweza kufanya vizuri zaidi" hayamsaidii mtu. Walimu wenzetu, tunawasihi muache kuyaandika. Andikeni mada: "Hajamudu kutoa kwa kukopa; afanye maswali matano kila siku kwa wiki mbili." Na mzazi akikuta maoni ya jumla, asiishie kusaini. Aulize mada zipi mtoto amekosa, kisha aombe karatasi yenyewe ya mtihani.

Karatasi ya mtihani iliyosahihishwa ina habari nyingi kuliko ripoti nzima. Kaa na mtoto mpitie kila swali alilokosa, mkiyapanga katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni maswali ambayo hakujua kabisa njia yake. Hayo yanahitaji kufundishwa upya, na ni ya kupeleka kwa mwalimu. Fungu la pili ni yale ambayo njia ilikuwa sahihi lakini akakosea hesabu ndogo, akaruka neno "si" kwenye swali, au akanakili namba vibaya. Dawa yake ni mazoea ya kurudia kusoma swali na kuhakiki jibu. Fungu la tatu ni maswali aliyoyaacha wazi kwa kukosa muda, na hapo dawa ni kufanya mazoezi kwa saa. Mzazi anayempeleka mtoto masomo ya ziada bila kujua fungu lipi ndilo kubwa anaweza kulipia kufundishwa tena mambo ambayo mtoto tayari anayajua.

Hata hivyo mtihani huja mara chache. Kati ya mtihani na mtihani, kioo ni daftari. Mzazi akichukua daftari moja kila jioni kwa dakika kumi, wiki itaisha akiwa amepitia masomo makuu yote. Aanze na tarehe. Pengo la wiki mbili katika daftari lina maana mojawapo: mtoto hakuwepo, hakuandika, mwalimu hakuwepo, au kuna daftari la pili. Kisha atazame masahihisho: penye alama ya kukosa, je, mtoto amelirudia swali? Mtoto asiyesahihisha hurudia kosa lilelile hadi linakuwa mazoea. Atazame pia kazi iliyonakiliwa ubaoni. Sita ikigeuka nane, mistari ikiishia katikati, maneno ya mwisho yakikosekana, huenda tatizo ni macho. Omba akalishwe mstari wa mbele kwa wiki moja, ulinganishe daftari kabla na baada. Ikiwa kuna tofauti, mpeleke apimwe macho kabla hujamwita mvivu. Mtoto anayejibu swali ambalo hakuulizwa, au anayemtazama mwenzake kila mwalimu anapotoa maagizo, apimwe masikio.

Kwa watoto wa madarasa ya chini kuna kipimo cha kusoma ambacho mzazi yeyote anayejua kusoma anaweza kukitumia. Hesabu maneno 100 katika ukurasa ambao mtoto hajawahi kuusoma. Asome kwa sauti, wewe uweke kijiti kwa kila neno alilokosea au alilosaidiwa. Makosa yasiyozidi matano yanaonyesha kwamba kitabu hicho kinamfaa kujifunzia. Yakizidi kumi, kitabu ni kigumu na kitamchosha; mtafutie chepesi zaidi. Baada ya hapo mwambie akusimulie alichosoma. Wapo watoto wanaosoma haraka bila kosa na wasielewe hata sentensi moja, na kwa sababu ya kasi yao hakuna anayewashuku.

Mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba haya hayamhusu. Mtoto akukalie karibu akusomee ukurasa mmoja leo, na kesho akusomee uleule. Ikiwa hadithi imebadilika, au majina ya watu yamebadilika, basi anabuni kwa kutazama picha. Sikiliza mahali anapokwama. Mwambie akufundishe somo la leo kana kwamba wewe ndiye mwanafunzi, na kila asipoeleweka umwambie hujaelewa. Kutazama kama daftari lina tarehe ya leo, kama mwalimu ameweka alama, kama kalamu na vitabu vimo mkobani kabla ya kulala: hakuna hata moja kati ya hayo linalodai kisomo. Na mtoto kuona kwamba mama yake au babu yake anaketi kumsikiliza kila jioni kuna uzito wake, hata kama msikilizaji hawezi kumsahihisha.

Shule zilipofungwa wakati wa janga la korona, watafiti nchini Botswana waliwapigia wazazi simu mara moja kwa wiki, wakawaongoza wao na watoto kufanya hesabu za msingi, pamoja na kuwatumia maswali kwa ujumbe mfupi. Watoto waliopigiwa simu walijifunza. Ujumbe peke yake bila simu ulikuwa na nguvu ndogo. Tunalitaja hili kwa sababu shule nyingi siku hizi huamini kwamba kutuma ujumbe ni kuwasiliana. Kwa mzazi aliyelemewa, sauti ya mwalimu anayemwita mtoto wake kwa jina hufanya kazi ambayo maandishi hayaifanyi.

Kuhusu kazi za nyumbani, kanuni inayofahamika sana ni dakika kumi kwa kila darasa kwa siku: darasa la kwanza dakika 10, la tatu 30, la sita 60. Si sheria, ila inampa mzazi kipimo. Mtoto wa darasa la tatu anayetumia saa moja na nusu kila jioni ana tatizo, au kazi aliyopewa ndiyo yenye tatizo. Kosa kubwa la wazazi hapa huzaliwa na upendo: kumfanyia. Mwalimu akiona majibu yote ni sahihi huamini darasa limeelewa, naye huendelea mbele. Msaada wa kweli ni kumwambia mtoto afungue mfano uliofanywa darasani, akuonyeshe hatua ya kwanza, kisha ajaribu peke yake. Usimlazimishe njia uliyofundishwa wewe ya kugawanya au kuzidisha, hata kama ni fupi, mpaka atakapoimudu ya mwalimu wake; njia mbili kwa wakati mmoja humchanganya mtoto anayeanza. Dakika za kazi zikipita mara mbili ya kipimo, funga daftari lake na uandike pembeni: "Ametumia dakika 60, amekwama swali la 4." Sentensi hiyo ina faida kwa mwalimu kuliko ukurasa wa majibu ya baba.

Na mtoto alale. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 9 hadi 12 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wenye miaka 13 hadi 18. Mtoto anayekeshwa na kazi hadi usiku wa manane hulipa deni hilo kesho yake darasani.

Sasa tuseme na shule, maana ndizo zenye daftari la alama na rejista. Matthew Kraft na Todd Rogers walifanya jaribio nchini Marekani katika masomo ya likizo kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wamefeli. Kila wiki wazazi walipelekewa ujumbe wa sentensi moja kutoka kwa mwalimu. Walioshindwa kumaliza na kufaulu masomo hayo walipungua kutoka asilimia 15.8 hadi 9.3. Na ujumbe uliosema mwanafunzi arekebishe nini ulionekana kusaidia kuliko ule uliomsifu tu. Sentensi moja kwa wiki haimshindi mwalimu mwenye wanafunzi 50 akiigawa kazi: akiwaandikia wazazi kumi kila siku, wiki ikiisha amewafikia wote.

Ujumbe mzuri una mambo manne: mtoto yupi, nini kimetokea, nyumbani wafanye nini, na mwisho lini. Mfano: "Asha hajaleta kazi 3 za hisabati (sehemu) wiki hii. Mwambie akuonyeshe daftari leo, azimalize na kuzileta Ijumaa. Akikwama, nipigie saa 9 hadi 10 alasiri." Ujumbe huo haufiki herufi 160, kwa hiyo unaingia katika ujumbe mfupi mmoja wa simu yoyote, hata ile ya vitufe. Ukitia vikaragosi vya uso (emoji), nafasi hushuka hadi herufi 70, ujumbe hukatwa vipande na gharama huongezeka. Linganisha na ujumbe tunaouona kila mara: "Mzazi unaombwa kufuatilia maendeleo ya mtoto wako." Afuatilie nini, wapi, kwa nani? Mzazi akipokea wa namna hiyo mara tatu, wa nne haufungui.

Kuna mambo ya utaratibu ambayo shule hupuuza kisha hulalamika kwamba wazazi hawapatikani. Namba za simu hubadilika. Zihakikiwe mwanzoni mwa kila muhula kwa kutuma ujumbe wa majaribio na kuwaita wale ambao haukuwafika. Kila mtoto awe na namba mbili za watu wawili. Mtoto anayelelewa na bibi au shangazi, namba ya bibi ndiyo iwe ya kwanza hata kama ada inalipwa na mwingine. Wazazi wanaoishi mbalimbali wote wapewe habari, isipokuwa kuna amri halali inayokataza. Barua anazopewa mtoto mkononi hupotea, hasa zile zenye habari mbaya, hivyo zipewe namba na kipande cha chini cha kukata na kurudisha.

Makundi ya WhatsApp yameleta urahisi na pia vurugu. Tangazo la mtihani hufukiwa chini ya salamu mia moja. Dawa ipo: kundi la matangazo ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika, na kundi lingine la mazungumzo kwa wanaotaka. Alama za watoto zisibandikwe kamwe kwenye kundi, wala majina ya wasiolipa ada, wala picha ya mtoto akiadhibiwa. Hilo ni kosa dhidi ya mtoto, na mzazi aliyeaibishwa mbele ya wenzake 60 hujiondoa asirudi tena. Na yupo mzazi asiye na simu janja. Kila tangazo la kundi liwe pia kwenye ubao wa lango na kwenye ujumbe mfupi.

Vikao navyo. Taarifa itolewe wiki mbili kabla na ukumbusho siku moja kabla, ikitaja ajenda na saa ya kumaliza. Kikao cha asubuhi ya siku ya kazi humwondoa mwenye kibarua cha kutwa. Shule iweke nyakati mbili. Wazazi wakiitwa kwa michango na kwa mashtaka tu, watajifunza kukaa mbali. Mawasiliano ya kwanza na kila nyumba yafanyike ndani ya wiki nne za mwanzo, nayo yawe na jambo jema na la kweli kuhusu mtoto huyo. Pasipo hayo, simu ya pili yenye malalamiko hupokelewa kwa ngumi zilizokunjwa. Mzazi asiyeijua lugha ya kikao apewe mkalimani mtu mzima. Kumtumia mtoto kutafsiri kesi yake mwenyewe ni kumpa kalamu ya kujiandikia hukumu.

Mwalimu na mzazi wanapokutana ana kwa ana, kwa kawaida wana dakika kumi. Mzazi anayeuliza "anaendeleaje?" atajibiwa "anaendelea vizuri." Aulize haya: Mwanangu yuko juu au chini ya kiwango cha darasa lake katika kusoma na hesabu, na unapimaje? Ni mada gani moja nimsaidie mwezi huu? Huketi na nani, hujibu maswali, hucheza na nani? Kazi ngapi hajaleta? Kisha waandike makubaliano kwenye karatasi moja: tatizo, atakachofanya mwalimu, atakachofanya mzazi, atakachofanya mtoto, na tarehe ya kukutana tena, isizidi wiki nne. Tarehe ndiyo husahaulika mara nyingi, na bila hiyo makubaliano yote hubaki maneno. Mtoto wa umri wa kuelewa awepo dakika za mwisho, asikie watu wazima wake wawili wakisema jambo moja.

Ikitokea kutokuelewana, ngazi ni mwalimu wa somo, mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, kisha kamati au bodi ya shule. Anayeanzia juu hurudishwa chini na huwa ameshavunja uhusiano. Isipokuwa kuna kipigo au udhalilishaji: hapo mzazi asipite ngazi yoyote, aende moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kwa vyombo vya dola. Kila hatua iandikwe kwa tarehe, aliyezungumza naye na jibu alilopewa.

Kuhesabu wanaokuja vikaoni na kuwaita wengine wote wazembe ni kosa tunalotaka liishe. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ametaja aina sita za ushirikiano kati ya nyumba na shule: malezi, mawasiliano, kujitolea, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na kushirikiana na jamii. Mama asiyefika kikaoni hata mara moja kwa sababu ya zamu za kazi, lakini anahakikisha mtoto amelala mapema, amefika kwa wakati na amesimulia somo la leo, ameshiriki. Shule inayomwandika kuwa hashiriki haimfahamu.

Ndugu Mhariri, gazeti lako huchapisha matokeo na orodha za shule zilizofanya vizuri baada ya mitihani kwisha. Tunaomba katika toleo la wiki ya kufungua shule uwape wazazi nusu ukurasa wa kukata na kubandika ukutani: jedwali la siku za masomo la kuweka X, maswali ya kumuuliza mwalimu, na kipimo cha maneno 100. Tuko tayari kuuandaa bila malipo na kukuletea wiki mbili kabla.

Walimu wa darasa na wajumbe wa kamati za shule